Linux ya meinfremu haipati mtandao: anza chini kwenye kadi, IP baadae

Juzi saa nne usiku dogo mmoja ambae nimemfundisha kazi hizi, anakaa huko Ng'ong'ona, akanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka, Linux yangu ya kwenye z/VM haipigi ping kabisa, nimeshabadilisha IP mara sita na geitiwei mara mbili." Nikamjibu marahaba, alafu nikamuuliza kitu kimoja tu, `vmcp q v nic` inasemaje? (z/VM ni programu ya IBM inayogawa meinfremu moja kuwa mashine nyingi, na vmcp ndo amri ya kuiuliza ukiwa ndani ya Linux.) Hakua ameiandika hata mara moja. Na sio yeye peke yake, karibu kila mtu anaetoka kwenye seva za kawaida akija huku anaanzia hapo hapo kwenye IP kwasababu ndo anapopajua.

Sisi tunaokaa Dodoma maji yasipotoka hatukimbilii kubadilisha koki ya jikoni. Unapanda kwanza kuangalia simtanki, likiwa tupu unaenda kuangalia mita kama inazunguka, isipozunguka unamuuliza jirani kama kwake yanatoka, na hapo ndo unajua shida ipo ndani ya geti lako au ipo huko kwenye laini inayotoka Mzakwe. Kwenye meinfremu IP ni koki. Chini yake kuna kadi ambayo z/VM inaitengeneza, kuna swichi ya kufikirika inaitwa VSWITCH, kuna kadi halisi ya mtandao inaitwa OSA, na kila moja inaweza kugoma kivyake wakati Linux yako inakuonyesha kwamba kila kitu ni kijani. Kwahiyo nimeandika dalili moja moja na sababu zake kwa mpangilio ambao mimi naufuata. Nikisema VM namaanisha Linux yako moja iliyo ndani ya z/VM.

Kwanza uingie bila mtandao

Mtandao ukiwa umekufa ssh haipo, na kama mashine ipo nchi nyingine na wewe upo Nzuguni basi konsoli ya 3270 ndo mlango pekee, hakikisha una c3270 au x3270 (programu za kufungulia konsoli hiyo) kwenye laptopu na userid yako ya z/VM inafanya kazi KABLA ya kugusa chochote. Kuna mambo matatu huwa yanawatesa watu hapa.

Ukiingia ukaona chini kulia pameandikwa CP READ, jua Linux yako imesimamishwa, haifanyi kazi kabisa mpaka uandike `BEGIN`. Nimeshaona watu wanasema seva imekufa kumbe wao wenyewe ndo wameisimamisha walivyoingia. Dawa yake ni `SET RUN ON`. La pili, ukiona MORE... skrini imejaa na inakusubiri ubonyeze Clear, andika `#CP TERM MORE 0 0` isikusumbue tena. La tatu, vi haifanyi kazi kwenye konsoli hiyo kwasababu inaenda mstari kwa mstari, faili utalirekebisha kwa sed au ed, kwahiyo jifunze sed wakati umetulia na sio usiku wa tukio.

Dalili: `ip link` inaonyesha lo peke yake

Hapa kadi haijafika Linux kabisa. Elewa kwanza kwamba kadi ya mtandao huku sio kitu kimoja, ni vifaa vitatu vinavyotembea pamoja, cha kusoma, cha kuandika na cha data, kwa mfano 0600, 0601 na 0602. Cha kusoma lazima kiwe namba shufwa na cha kuandika kiwe namba inayofuata. Mtu akianza na 0601 hatafika popote hata akikesha.

Angalia chini kabisa, je z/VM imekupa kadi?

`modprobe vmcp`
`vmcp q v nic`

Ikikuambia hakuna, basi hakuna cha kutafuta ndani ya Linux, acha kabisa. Unaweza kujitengenezea ya muda:

`vmcp define nic 600 type qdio devices 3`
`vmcp couple 600 to system VSW1`

Hapo VSW1 weka jina la VSWITCH ya kwenu. Ila hiyo ni ya muda, ya kudumu inakaa kwenye daftari la watumiaji la z/VM kwa mstari wa NICDEF:

`NICDEF 0600 TYPE QDIO LAN SYSTEM VSW1`

Sasa kama z/VM inasema kadi ipo lakini Linux haioni, mshukiwa wa kwanza ni cio_ignore. Distro nyingi zinawasha kerneli na `cio_ignore=all,!condev`, maana yake puuza vifaa vyote isipokua konsoli, wamefanya hivyo kwasababu meinfremu moja inaweza kuonyesha maelfu ya vifaa na kuvisoma vyote kunachelewesha kuwaka. Jambo zuri, lakini kadi mpya uliyoongeza leo nayo inapuuzwa. Kagua:

`lscss -t 1732/01`
`cio_ignore -l`

Kama 0600 haipo kwenye lscss ila ipo kwenye orodha ya wanaopuuzwa, itoe:

`cio_ignore -r 0.0.0600-0.0.0602`

Alafu iwashe (qeth ni draiva ya Linux ya kadi hizi):

`chzdev -e qeth 0.0.0600:0.0.0601:0.0.0602`

Kama distro yako ni ya zamani na haina chzdev tumia `znetconf -u` kuona ambazo hazijawekwa na `znetconf -a 0600` kuiwasha, ila kumbuka znetconf haikumbuki chochote baada ya kuriboti. Ikikubali utaona intafesi inaitwa enc600, au enccw0.0.0600 kwenye matoleo ya nyuma, na `lsqeth` itakuonyesha vile vifaa vitatu kama cdev0, cdev1 na cdev2. Ukiona namba hazifuatani kama ulivyotarajia ujue umechanganya kadi mbili, simama hapo urekebishe.

Dalili: kadi ipo, onlaini ni 1, lakini hakuna hata paketi moja inayotoka

Soma vizuri majibu ya `vmcp q v nic`. Ukiona hivi

`MAC: 02-00-00-00-00-05 LAN: * None`

ni sawa na kompyuta ambayo kebo yake inaning'inia. Kadi ipo, haijachomekwa kwenye swichi. Jaribu kuichomeka kwa ile couple ya hapo juu, na hapa ndo unapata jibu la kweli, kwasababu kama z/VM inakuambia hujaruhusiwa kuunganishwa basi sababu umeipata, VM yako haipo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa na VSWITCH. Mtu mwenye daraja B kwenye z/VM, kwa kawaida userid ya MAINT, anaandika:

`SET VSWITCH VSW1 GRANT LINUX07`
`QUERY VSWITCH VSW1 ACCESSLIST`

Watu wengi wanakwama hatua inayofuata. Ruhusa ikishatolewa kadi haijichomeki yenyewe. NICDEF ilijaribu wakati VM inaingia, ikakataliwa, ikaishia hapo. Lazima uandike couple tena kwa mkono au utoke kabisa kwa LOGOFF uingie upya. Dogo wa juzi ndo alikua hapa, ruhusa alishapewa na admini tangu mchana, yeye akaona bado haipingi akaamua tatizo ni IP.

Kama kwenu mnatumia RACF (programu ya usalama ya IBM), ruhusa inatazamwa huko kwenye klasi ya VMLAN, jina linakua mfano SYSTEM.VSW1, na GRANT peke yake haitakusaidia.

Dalili: kadi inakataa kwenda onlaini, au inaenda lakini imekaa kama jiwe

Leya. VSWITCH inatengenezwa kwa namna mbili, ya ETHERNET ambayo ni leya 2, na ya IP ambayo ni leya 3, na admini asipoandika neno ETHERNET anapata ya IP. Linux nayo ina swichi yake ndogo ya layer2, ni 1 au 0. ETHERNET inataka 1, IP inataka 0, zikipishana hapatoki kitu. Kerneli mpya zikiwa ndani ya z/VM zinajiulizia zenyewe na kujipanga, shida ninaiona zaidi kwenye mashine za zamani na kwenye konfiga zilizonakiliwa kutoka seva nyingine bila kusomwa.

`lszdev qeth 0.0.0600 -i`

Itakuonyesha thamani inayotumika sasahivi na ile iliyohifadhiwa, pembeni kwa pembeni. Zikitofautiana utajua pia kwanini ilifanya kazi jana na leo baada ya kuriboti imegoma. Thamani hii haibadiliki kadi ikiwa onlaini, izime kwanza:

`chzdev -d -a qeth 0.0.0600`
`chzdev -e qeth 0.0.0600:0.0.0601:0.0.0602 layer2=1`

Kwenye leya 3 usishangae tcpdump kukuonyesha mambo ya ajabu na DHCP kusumbua, Linux haiandiki vichwa vya Ethernet yenyewe, kadi ndo inafanya hiyo kazi, na hata ARP inajibiwa huko chini. Kama una uhuru wa kuchagua, chagua leya 2. Mimi sioni sababu ya kuanzisha VSWITCH mpya ya IP leo hii.

Dalili: unaping majirani, nje huendi

Hili la kumuuliza jirani ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Chukua IP ya VM nyingine iliyo kwenye VSWITCH hiyo hiyo, ipige ping. Ikijibu, basi kadi yako, leya yako, ruhusa yako, vyote viko sawa, wacha kuvigusa, shida ipo kati ya VSWITCH na dunia. Admini aandike:

`QUERY VSWITCH VSW1 DETAILS`

Anatafuta mambo mawili. State isomeke Ready, na Controller pawe na jina, mara nyingi DTCVSW1 au DTCVSW2. Hizo ni mashine ndogo za z/VM zinazoshika mkono kati ya VSWITCH na OSA halisi, kama mtu amezizima au hazikuwaka baada ya z/VM kuwashwa upya basi swichi inabaki kisiwa, VM zinaongea zenyewe kwa zenyewe tu. Kinachofuata ni RDEV, je OSA iliyotajwa ipo na haijachukuliwa na mwingine? VSWITCH inataka vifaa vitatu vinavyofuatana kuanzia namba uliyoitaja, ukiandika RDEV 1000 inachukua 1000, 1001 na 1002, sasa kama 1002 mtu alishaiunganisha kwenye VM yake utahangaika.

VLAN nayo inakaa hapa hapa. Kama VSWITCH inaelewa VLAN na poti yako ni ya ACCESS, Linux isiweke tagi, swichi ndo inaweka. Ukitengeneza enc600.20 juu ya poti ya ACCESS paketi zako zinatupwa bila kuambiwa. Unataka tagi mwenyewe? Omba poti iwe TRUNK na VLAN zako zitajwe kwenye GRANT.

Dalili: asubuhi sawa, mchana inakatika, jioni inarudi

Hii ilinila siku nne na naomba isikule na wewe, ndo maana nairefusha. Sehemu moja nilikua nawasaidia walikua na z/VM mbili kwenye mtandao mmoja, VM tatu hivi zilikua zinapotea hewani kwa dakika kadhaa alafu zinarudi zenyewe, hakuna kosa kwenye dmesg, lsqeth safi, VSWITCH Ready pande zote mbili. Tukalaumu kebo, tukabadilisha. Tukalaumu poti ya swichi, tukahamisha. Siku ya nne jamaa wa swichi akanionyesha logi yake, MAC moja inaruka kutoka poti hii kwenda ile na kurudi, tena na tena.

Sababu yake ni hii. z/VM inagawa MAC kwa kuunganisha kiambishi na namba inayopanda, VM ya kwanza kupata kadi inapewa 02-00-00-00-00-01, inayofuata 02 na kuendelea. Hicho kiambishi usipokiandika mwenyewe kinakua 02-00-00. Sasa z/VM mbili, zote hazijaandikiwa, zote zinaanza kuhesabu toka moja! VM ya tano huku na VM ya tano kule zina MAC moja. Na kwasababu namba inategemea nani ameingia kwanza, tatizo linahama kila zikiwashwa upya, wiki hii inaumwa seva ya database wiki ijayo inaumwa ya barua pepe, na hakuna mtu anaeunganisha matukio.

Ukiwa na z/VM zaidi ya moja kwenye LAN moja nenda kaangalie SYSTEM CONFIG (faili la mipangilio la z/VM) za zote leo, hata kama hakuna anaelalamika:

`VMLAN MACPREFIX 020001`

Nyingine iwe 020002, nyingine 020003. Inaanza kufanya kazi z/VM ikiwashwa upya, kwahiyo inahitaji muda wa matengenezo. Wakati unasubiri, VM iliyoathirika unaweza kuipa namba yake kwenye NICDEF kwa kuongeza MACID na tarakimu sita za heksadesimali ambazo hazitumiki kwingine, alafu VM inatoka na kuingia upya. Sisi tulifanya hivyo kwa zile tatu na usiku huo huo kukatika kukaisha.

Ndugu yake huyu ni MAC iliyonakiliwa. Umekloni Linux na ndani ya faili la mtandao kuna MAC ya mashine mama imeandikwa, Linux mpya inajaribu kuisajili, na hapa angalau dmesg inasema, utaona qeth analalamika kwamba MAC hiyo ipo tayari au haijaidhinishwa. Futa huo mstari kwenye faili, acha z/VM igawe.

Dalili: ping inaenda, ssh inaganda, mafaili makubwa hayafiki

MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa paketi. Jaribu `ping -M do -s 1472` kwenda unakotaka, ikipita jaribu 8964 kama mnadai kutumia fremu kubwa, maana OSA mwisho wake ni 8992 na ukitoa baiti 28 za vichwa inabaki hiyo. Ikipita ndogo ikakataa kubwa, kuna sehemu njiani hapajakubaliana na wewe. Kwenye HiperSockets (mtandao wa ndani ya meinfremu yenyewe) MTU inafuata ukubwa wa fremu uliowekwa kwenye maunzi, fremu ya 16K inakupa MTU ya 8K, 24K inakupa 16K, 40K inakupa 32K na 64K inakupa 56K, usiandike namba ya kichwani.

Dalili: VM ndogo za KVM ndani ya Linux hazitoki

Kwa kifupi, VSWITCH inapeleka kwako fremu za MAC yako tu, MAC za VM zilizo nyuma ya daraja lako haizijui. Ama upewe GRANT yenye neno PROMISCUOUS, ama utumie macvtap. Kama upo kwenye LPAR (kipande cha meinfremu) moja kwa moja bila z/VM na OSA halisi, angalia `bridge_reflect_promisc` ya qeth, iweke primary.

Dalili: inafanya kazi vizuri, baada ya muda imepotea yote

Tofautisha kuriboti na LOGOFF. Ukiriboti Linux, VM bado ipo ndani ya z/VM, kwahiyo kadi uliyoitengeneza kwa mkono kwa define nic inabaki na wewe unaamini umemaliza kazi. Miezi mitatu baadae kuna matengenezo, VM inatolewa kwa LOGOFF, ikirudi kadi hakuna na wewe hukumbuki hata ulichofanya. GRANT nayo iko hivyo hivyo, ile ya SET VSWITCH inapotea z/VM ikizimwa, ya kudumu unaiandika SYSTEM CONFIG:

`MODIFY VSWITCH VSW1 GRANT LINUX07`

Kama inapotea baada ya kuriboti kawaida, basi shida ipo kwa Linux. Angalia kama kuna faili `/etc/udev/rules.d/41-qeth-0.0.0600.rules`, chzdev ndo inaliandika. Angalia mstari wa kerneli, kama cio_ignore bado inakufungia ongeza `!0.0.0600-0.0.0602` na usisahau kuendesha `zipl` baada ya hapo, bila zipl mabadiliko yako yapo kwenye faili tu na mashine itawaka na ya zamani. Alafu angalia faili la IP lisiwe linaita eth0 wakati kadi inaitwa enc600.

Kwa anaetaka kujifunza na hana meinfremu, IBM wana LinuxONE Community Cloud, unapewa Linux ya s390x (ndo jina la prosesa za meinfremu) bure kwa siku 120, ingawa upande wa z/VM hawakupi. QEMU ya s390x kwenye laptopu nayo inasaidia kuzoea mfumo, ila kadi yake ni ya virtio na sio qeth.

Ukikwama kabisa na unataka kumuuliza mtu, endesha `dbginfo.sh`, inakuja na s390-tools, inakusanya hali yote ya mashine kwenye faili moja. Ongeza na majibu ya `vmcp q v nic`, `lsqeth`, `dmesg | grep qeth` na ile QUERY VSWITCH DETAILS kutoka kwa admini wa z/VM, pamoja na saa tatizo lilipoanza na kitu cha mwisho kilichobadilishwa. Tuma kama maandishi, picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haisomeki vizuri na hakuna anaeweza kutafuta namba ya kifaa ndani yake.